Muulize Sista: Zahanati Ina Kufuli, Nifanyeje?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za mgomo. Nimechukua tatu. Kwa wasomaji wapya: nilikuwa muuguzi wa hospitali za umma hadi nilipostaafu, kwa hivyo msitarajie nijifanye mgeni wa mambo haya.

*Sista, hujambo? Mwanangu alifaa kupata chanjo ya wiki 10 lakini wauguzi wamegoma na zahanati ya kwetu imefungwa. Nilipanda matatu hadi hospitali kubwa mjini, bawabu akanirudisha langoni. Mama mkwe anasema ile chanjo ya wiki 6 imeshaharibika, tutaanza upya. Wifi yangu naye amejifungulia nyumbani juzi na mtoto hajadungwa chochote. Twende wapi?*
Mama Zawadi, Pwani

Sijambo, Mama Zawadi. Mwambie mama mkwe, kwa upole maana wakwe nawajua, kwamba chanjo iliyokatizwa haianzwi upya. Ile ya wiki 6 bado inahesabiwa. Siku utakayopata huduma mtoto atapewa ya wiki 10, kisha mtakaa wiki 4 ndipo apate ya wiki 14. Paja la kushoto hudungwa ile ya magonjwa matano, la kulia ya nimonia, na matone ya polio na ya kuhara hutiwa mdomoni. Lakini usilegee, kwa sababu kifaduro hakijagoma.

Sasa pa kwenda. Kabla hujatoa nauli tena, uliza ni nani hasa aliyegoma. Madaktari wana chama chao, maafisa wa kliniki wana chao, wauguzi wana chao, na mara nyingi hawatoki pamoja. Wakigoma madaktari, zahanati yako haitatikisika, kwa kuwa haikuwa na daktari tangu mwanzo. Inaendeshwa na wauguzi, na chanjo ni kazi ya muuguzi. Utakachokosa ni upasuaji na kliniki za wataalamu kule hospitali ya kaunti. Wakigoma wauguzi, mambo hugeuka: daktari anaweza kuwa yumo ndani, lakini hana wa kumtazama mgonjwa akishalazwa, na zahanati za vijijini hufungwa. Nadhani ndiyo maana bawabu alikurudisha. Alijua chumba cha chanjo hakina mtu.

Kwa hivyo jaribu hospitali ya misheni au kliniki ya kibinafsi inayochanja watoto. Wafanyakazi wao hawakuajiriwa na kaunti. Piga simu kwanza, maana hata wao chanjo hizi huzipata kwa serikali, na mgomo ukirefuka zinaweza kuwaishia. Chanjo yenyewe haiuzwi, ila wengi hutoza ada ya huduma, basi uliza bei kabla hujamvua mtoto nguo. Na ubebe kile kijitabu cha mama na mtoto. Usikubali kuandikiwa kwenye kikaratasi. Nimeona vikaratasi hivyo vikitolewa kwenye leso vimelowa hadi tarehe haisomeki, na hapo muuguzi hubaki kubahatisha.

Mtoto wa wifi yako apelekwe mapema apate BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na matone ya kwanza ya polio. Akiambiwa arudi siku fulani ya wiki, asidhani anazungushwa. Kichupa kimoja cha BCG kina dozi 20, na kikishachanganywa hakitumiki tena muda wa saa 6 ukipita, ndiyo sababu watoto hukusanywa siku moja. Wifi mwenyewe pia aangaliwe. Akitokwa na damu nyingi, akishikwa na homa, au kichwa kikimuuma kupita kiasi, atafutiwe gari siku hiyohiyo.

*Sista, mama yangu ana presha na sukari. Dawa huchukua kila mwezi hospitali ya kaunti. Kliniki imesimamishwa na zimebaki kidogo tu. Nimemkuta anameza leo, kesho anaruka, ati zisiishe haraka.*
Kitindamimba, Bonde la Ufa

Kitindamimba, mzuie leo. Presha haijui kwamba anabana matumizi. Ameze kama alivyoandikiwa, na wewe utafute nyingine kabla hizo hazijaisha.

Chukua pakiti yake uende nayo duka la dawa. Tazama maandishi: jina kubwa mara nyingi ni la kampuni, lile dogo chini yake ndilo la dawa. Uliza kwa jina dogo na mara nyingi utapata ya bei nafuu. Angalia na kipimo, kwa sababu amlodipini ya miligramu 5 si sawa na ya 10. Vidonge vya jirani asiguse, hata kama rangi ni ileile.

Kuna mtu mwingine ambaye familia nyingi humsahau, naye ni mhudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 wahudumu hawa walianza kupewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari. Mwombe wa kijiji chenu apite nyumbani, na uandike tarehe na vipimo kwenye daftari, kwa sababu daktari atakayerudi kazini atavitaka. Ukiona mdomo wa mama umepinda, mkono umelegea au maneno hayashikani, achana na duka la dawa. Mkimbize hospitali yoyote iliyo wazi.

Siku nyingine ukisikia redioni chama kimetoa notisi ya mgomo, usidhani ni siasa. Sheria inataka notisi ya siku 7. Ndizo siku za kwenda kliniki kuomba dawa za miezi miwili.

*Wauguzi na madaktari wanaogoma wafutwe wote. Vijana waliosomea kazi hiyo wamejaa mtaani. Lakini wewe Sista utawatetea tu.*
Aliyechoka, Nairobi

Ndugu Aliyechoka, kweli wamejaa mtaani, na baadhi yao niliwafunza mimi kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Lakini jiulize kwa nini wako huko. Nimeshika zamu ya usiku peke yangu katika wadi ya watoto, wawili wawili kitandani, dripu ikiisha kitanda cha mwisho huku mtoto wa karibu na mlango anashtuka kwa degedege. Uniambie ningekimbilia yupi.

Mwaka 2017 wauguzi tulitoka Juni tukarudi Novemba. Nilikuwa barabarani na firimbi na tawi la mti kama wenzangu. Waliotaka wadi ya uzazi iachwe bila mtu hata mmoja nilibishana nao mkutanoni, na hadi leo hatujapatana.

Kinachonikera mimi ni saini. Madaktari walitia saini mkataba wa mishahara na masharti ya kazi na serikali mwaka 2013. Haukutekelezwa, wakagoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na viongozi wa chama chao wakapelekwa jela. Ukatiwa saini mkataba mwingine mwaka huo wa 2017. Machi 2024 wakatoka tena hadi Mei, na miongoni mwa madai yao ulikuwemo mkataba uleule wa 2017, pamoja na malipo ya madaktari wanagenzi. Hao vijana unaotaka waajiriwe leo wakipewa karatasi ya namna hiyo, wewe utaniandikia tena.

Kama una hasira ya kuandika barua, unayo pia ya kwenda kikao cha bajeti. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na makadirio ya matumizi hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Wananchi huitwa kutoa maoni. Huja wachache, na wengine hufuata soda. Nenda, ufungue sehemu ya idara ya afya, umuulize afisa aliye mbele: pesa za kuajiri wauguzi na kuwapandisha vyeo waliopo ziko ukurasa gani? Akikujibu, niandikie jibu lake nilichapishe hapa.