Wifi yangu anangoja mimba niliyoizuia mimi

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31 na ana ulemavu wa akili tangu utotoni. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, shule akaishia darasa la tatu. Miaka miwili iliyopita alimpenda binti wa kijiji cha jirani mwenye hali kama yake. Mama alikuwa hai, akalisimamia mwenyewe: posa ikapelekwa, shekhe akawahoji mmoja mmoja, ndoa ikafungwa. Wanaishi kwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu. Mdogo wangu hubeba matenga ya machungwa msimu ukifika, mkewe anakaanga maandazi.

Mama alifariki mwaka jana na mzigo wote ukaniangukia. Pesa zao nashika mimi. Simu ya mdogo wangu nashika mimi, maana wakala mmoja alishamtapeli 40,000. Ami yetu anasema ndoa ile ni mchezo wa kitoto, mwanamke arudishwe kwao kabla hawajazaa taahira mwenzao, na shamba la michungwa alilotuachia mama lishikwe na mwenye akili timamu. Nikaogopa. Nikampeleka wifi kituo cha afya, nikasema anataka sindano ya uzazi wa mpango. Yeye nilimwambia ni ya malaria. Ameshachomwa mara tatu, ya nne ni Jumanne ya wiki mbili zijazo. Sasa hapati siku zake na anaamini ana mimba. Juzi nimemkuta na kofia ya kichanga aliyoinunua kwa pesa aliyobania kwenye maandazi, kaificha chini ya mto. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimekosea? Na Ami nimfanyeje?
Dada, Muheza

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mama, na pole kwa kubaki na watu wawili wazima mikononi bila mtu wa kukupokea.

Umeuliza kama umekosea. Ndiyo, umekosea, na moyo wako ulishakujibu kabla yangu, ndiyo maana hulali. Najua hukumchukia wifi yako. Ulimwogopa Ami, ukaogopa mtoto wa kulea wa nne, ukaogopa aibu. Lakini mwili uliochomwa ni wa mtu mwingine, na anayedanganywa kila baada ya miezi mitatu ni mke wa mtu. Kituo nacho kilikosea. Mhudumu alipaswa kuzungumza na mwenye mwili, wewe ukakaa pembeni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umelitaja jambo hili waziwazi katika kifungu cha 23: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuoa na kuolewa kwa ridhaa yake, ya kuamua watoto wangapi na kwa nafasi gani, na ya kubaki na uzazi wake kama watu wengine.

Kabla ya kukujibu nilizungumza na muuguzi wa kliniki ya uzazi ninayemwamini. Anasema kukatika kwa hedhi kwa anayetumia sindano ile ni jambo la kawaida na si ugonjwa. Ikisimamishwa, hedhi hurudi, ila mimba inaweza kuchelewa miezi mingi, pengine hata karibu mwaka. Hilo nalo wifi yako anastahili kuambiwa, maana anahesabu siku.

Basi usingoje Jumanne ya sindano. Mwambie wiki hii. Mkae wawili tu, mahali pasipo redio wala watoto wanaoingia na kutoka. Sema maneno machache, moja baada ya jingine: "Wifi, ile sindano haikuwa ya malaria. Ni sindano ya kuzuia mimba. Mimi nilikudanganya. Nisamehe." Halafu unyamaze. Usimweleze Ami alisema nini wala wewe uliogopa nini, hayo ni ya siku nyingine. Anaweza kulia. Anaweza kukutukana. Anaweza asikuite wifi mwezi mzima. Mvumilie, ana haki ya hasira yake kama ambavyo ungekuwa nayo wewe.

Na tafadhali usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamekua wakikaripiwa kila wanapouliza, wakajifunza kwamba neno "ndiyo" ndilo linalomaliza kelele. Muulize kwa namna ambayo ndiyo haitoshi: "Hebu niambie, ile sindano ilikuwa ya kazi gani?" Akikujibu kwa maneno yake mwenyewe, hapo ameelewa. Asipoweza, rudia kesho, kwa maneno mafupi zaidi. Akishatulia, mwiteni mumewe aambiwe naye, kwa utaratibu uleule. Mimba anayoingoja ni yao wawili.

Kisha nendeni kliniki watatu. Omba kwanza apimwe mimba kwa mkojo, na kipimo akione kwa macho yake. Mwombe muuguzi ampe mkononi kidonge, kondomu, kijiti na kitanzi, avishike, aambiwe kila kimoja kinakaa wapi na kwa muda gani. Hotuba ya dakika 20 haitamfaa, vitu vya kushika vitamfaa. Huenda akachagua kuendelea na sindano. Huenda akasema anataka mtoto. Vyovyote atakavyosema na mumewe, kazi yako ni kuhakikisha wamejua wanachokichagua.

Najua hapo ndipo moyo wako unapopasuka: je, wakizaa?

Ulemavu wa akili una sababu nyingi, na nyingi hazirithiwi. Yuko aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, yuko aliyepata malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, manjano ya uchanga iliyocheleweshwa kutibiwa, au mama aliyekosa madini joto wakati wa mimba. Zipo pia hali zinazorithiwa, sitakuficha. Waulize wazee waliokuwepo mdogo wako alipozaliwa, ulizeni na upande wa wifi, mkayapeleke majibu kwa daktari hospitali ya mkoa pale Bombo. Mtapata jibu la watu hawa wawili, badala ya hofu ya Ami. Na hilo neno "taahira" lisiingie tena nyumbani kwako, hata kwa kunukuu. Wale wawili wanalisikia na wanalielewa vizuri sana.

Kuhusu ulezi, nikuulize: mzazi gani Muheza hukaa arobaini yake peke yake? Wewe watoto wako watatu ulikandwa na nani? Uji ulipikiwa na nani, kichanga kilioga mikononi mwa nani? Sisi sote tulishikwa mkono, na hakuna aliyesema turudishwe kwetu kwa kuwa hatukujua kuogesha mtoto. Wifi yako atahitaji kushikwa mkono muda mrefu kuliko arobaini, hilo ni kweli. Atahitaji kuonyeshwa jambo lilelile mara kumi, atahitaji mtu wa karibu wa kukimbilia mtoto akipata homa usiku, atahitaji tarehe za kliniki zikumbushwe. Mtu huyo asiwe wewe pekee. Mama yake yupo? Dada zake? Majirani aliowauzia maandazi asubuhi ya leo? Waite sasa, wakati hakuna mimba, mgawane siku. Huwezi kubeba nyumba mbili mgongoni, na aliyechoka ndiye huishia kuamulia wenzake mambo kwa siri.

Pesa zao nazo uzirudishe, pole pole. Anzeni na makopo matatu: la unga na mafuta ya maandazi, la chakula cha nyumbani, la akiba. Jioni wahesabu wenyewe, wewe ukiangalia. Watakosea. Wacha wakosee kwa 2,000, ndivyo sote tulivyojifunza. Simu umpe mdogo wako, mchague wakala mmoja mnayemfahamu, na afundishwe mambo mawili tu: namba ya siri anabonyeza mwenyewe, na simu haitoki mkononi mwake mpaka shughuli iishe. Aliyetapeliwa ni yeye, lakini aliyenyang'anywa simu ni yeye vilevile. Mwenye kosa anaendelea na kazi yake.

Na jambo moja dogo ambalo hukuniandikia, nalibashiri tu kwa jinsi nyumba zilivyokaa: je, ukienda nyuma kwao unabisha hodi? Wale ni mke na mume. Bisha hodi, ngoja "karibu".

Sasa Ami. Ndoa ile ilifungwa kwa ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kila mmoja akubali kwa hiari, akijua jambo linalofanyika, na shekhe aliwahoji mmoja mmoja akaridhika. Huyo ndiye shahidi wako, mwendee kabla Ami hajamwendea. Talaka si ya Ami. Kama mume hataki kuacha na mke hataki kuachwa, hakuna wa kumrudisha mtu kwao.

Shamba ndilo hasa linalozungumzwa hapa, na naona umelipitia haraka. Umesema ni la mama yenu. Ami ni ndugu wa baba. Maadamu marehemu ameacha watoto, wa kiume akiwemo, yeye si mrithi. Nendeni Mahakama ya Mwanzo mfungue mirathi, ateuliwe msimamizi, na fungu la mdogo wako litajwe kwa jina lake. Ulemavu haumpunguzii hata mti mmoja. Hili nakuambia na wewe, mwanangu, kwa upendo: mwenye kushika pesa na simu za mtu ajichunge sana siku ya kugawa mali.

Ukiwa huko mjini pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, wajulikane kwamba wapo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Wifi ana biashara inayotembea tayari. Aombe yeye, wewe umsaidie kujaza fomu. Ulizia na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kama kaya yao inastahili.

Hayo ya mahakama na mikopo yanaweza kusubiri mwezi. La wifi lisubiri siku tatu, si zaidi. Nenda ukae naye wakati anachuja mafuta jioni, mikono yake ikiwa na kazi, maana wapo wanaosikiliza vizuri zaidi hivyo.

Ile kofia usiiguse. Usimwambie airudishe dukani, usimwambie aigawe. Mwache aamue mwenyewe, baada ya kujua.