Toleo la kwanza lililochakaa, au chapa ya baadaye iliyo safi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina fedha za kununua nakala moja tu ya riwaya ninayoitafuta, na nimepata wauzaji wawili ambao bei zao zinakaribiana. Wa kwanza anasema yake ni toleo la kwanza. Haina jaketi (karatasi ya nje inayofunika jalada), jalada la mbele limelegea, ina jina la mwenyewe wa zamani, na kurasa za mwisho zina doa la maji kwa chini. Ya pili ilichapwa miaka sita baadaye, ni safi na jaketi lake ni zima. Nitangulize toleo au hali?

JIBU: Ndugu msomaji, hakikisha kwanza kwamba hilo toleo la kwanza ni la kwanza kweli. Wauzaji wengi huliandika neno hilo kwa nia njema kabisa, kwa sababu tu ukurasa wa haki miliki una mwaka mmoja. Toleo ni nakala zote zilizotokana na upangaji mmoja wa herufi. Chapa ni kila safari ya kitabu kwenda mashineni. Toleo la kwanza linaweza kuchapwa mara kumi, na mkusanyaji anapolitaja karibu kila mara huwa anataka chapa ya kwanza ya toleo hilo.

Omba picha ya ukurasa wa haki miliki. Ukikuta mstari wa namba kama 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1, tafuta namba ndogo kuliko zote, maana hiyo ndiyo chapa uliyo nayo. Mchapishaji hufuta namba moja kila anaporudi mashineni, kwani kufuta ni rahisi kuliko kupanga upya. Wapo waliokuwa na utaratibu wao: kwa miaka mingi wachapishaji wa Marekani, Random House, waliandika kwamba ni toleo la kwanza na kuweka mstari unaoishia kwenye 2, na nakala hiyo ndiyo ya kwanza hasa. Kwa hiyo ujue desturi ya mchapishaji wako kabla ya kuamini namba au kuikataa. Jaketi la ile nakala ya pili nalo litazamwe. Likiwa halina bei iliyochapwa, kitabu ni chepesi, na jalada la nyuma lina alama ndogo iliyodidimizwa karibu na mgongo, huenda ni nakala ya klabu ya vitabu, yaani iliyochapwa kwa ajili ya wanachama wa klabu, ambayo wakusanyaji hawaitafuti sana hata ikiwa inang'aa.

Sasa tuje kwenye hali. Mimi najalidi vitabu, na kila kitabu kinapofika mezani kwangu najiuliza jambo moja: dosari hii ni kovu au ni kidonda? Kovu limekwisha kazi yake. Jina la mwenyewe wa zamani, mgongo uliopauka kwa jua, kona zilizobonyea, vyote vitabaki vilivyo hata baada ya miaka 50. Kidonda kinaendelea kula. Ukungu ni kidonda, wadudu ni kidonda, na selotepu pia, kwa sababu gundi yake hupenya karatasini na kuigeuza kahawia hata baada ya utepe wenyewe kubanduka. Neno "nzuri" kwenye tangazo halikwambii lolote kuhusu hilo. Katika biashara hii nakala "nzuri" ni ile iliyochakaa lakini kurasa zake zimetimia.

Jina, basi, lisikusumbue. Jalada lililolegea ni kidonda kinachotibika, ila inategemea kimefika wapi. Mwombe muuzaji alifungue taratibu huku akiliegemeza kwa kiganja, akupigie picha ya lile bonde ambapo jalada linakutana na kurasa. Ikiwa iliyochanika ni karatasi ya ndani tu, na kitambaa chembamba kilicho chini yake bado kimeshika, mjalidi ataliimarisha kwa karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga, ambayo siku za mbele inaweza kulainishwa kwa maji na kuondolewa. Ikiwa uzi wa mshono umekatika na kurasa zinachomoka mafungu kwa mafungu, kitabu kitahitaji kushonwa upya, na gharama ya kazi hiyo uijumlishe kwenye bei.

Kinachonitia wasiwasi ni lile doa la maji. Doa kavu lenye ukingo wa kahawia, mfano wa kisiwa kwenye ramani, ni kovu. Lakini kurasa zikiwa laini kama pamba mahali hapo, au zikiwa na unga wa kijivu au vidoa vyeusi na vya zambarau, huo ni ukungu, nao ukionekana umekauka bado mbegu zake zinasubiri. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi na kukaa hapo, huamka. Miaka yangu ya mwanzo nilinunua kwa furaha kitabu cha namna hiyo, toleo nililolitafuta muda mrefu, nikakipanga rafuni bila kukitenga. Unyevu ulipopanda nilikuta nyuzi nyeupe kwenye mgongo wake na kwenye vitabu viwili vilivyokuwa ubavuni mwake, kimoja kulia, kimoja kushoto. Cha kulia kilikuwa cha mteja. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo naumia.

Tukishajua kwamba doa ni kovu, linabaki swali la uadimu. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilipotoka London mwaka 1997, nakala za jalada gumu za chapa ya kwanza zilikuwa 500 tu, na nyingi zilipelekwa maktaba. Anayekitafuta huvumilia mihuri ya maktaba na kurasa zilizoshikwa na mamia ya watoto, kwa sababu nakala ambayo haijaguswa ni nadra mno. Hapo toleo linashinda. Riwaya iliyochapwa kwa makumi ya maelfu ni habari nyingine: iliyochakaa usiichukue, subiri, safi itakuja. Kwa hiyo nijibu na wewe: tangu uanze kutafuta, chapa ya kwanza ya riwaya hii umeiona ikiuzwa mara ngapi?

Jaketi nalo lina uzito ambao wanaoanza hawautegemei. Riwaya ya Kimarekani The Great Gatsby ya mwaka 1925 iliyo na jaketi lake huuzwa mara nyingi zaidi ya bei ya isiyo nalo, ingawa kitabu cha ndani ni kile kile, maana wasomaji wa zamani walilitupa kama karatasi ya kufungia tu. Usishawishike kununua zote mbili ili uvue jaketi la chapa ya baadaye ulivishe toleo la kwanza. Atakayekinunua kwako atakuwa amedanganywa.

Na kama unakusanya ili ufuate mawazo ya mwandishi, toleo la baadaye linaweza kuwa ndilo unalolihitaji. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka mwaka 1859, lakini neno la Kiingereza la mageuko, evolution, ambalo watu wengi hulihusisha na kitabu hicho, liliingia humo katika toleo la sita, mwaka 1872.

Kwa nakala zako mbili, ningechukua ya kwanza iwapo mambo matatu yatatimia: chapa imethibitika, doa ni kavu, na umeiona nakala ya namna hiyo mara moja au mbili tu. Doa likiwa na ukungu, au chapa isipothibitika, iache bila kujuta. Ya pili inunue ikiwa unataka kuisoma. Kama unakusanya matoleo ya kwanza, fedha yako itunze.

Ukiichukua ya kwanza, ikifika itenge na vitabu vingine kwa wiki kadhaa, mahali pakavu penye hewa, uichungulie kila baada ya siku chache. Na kabla haijasafirishwa, mwambie muuzaji asitie selotepu kwenye lile jalada, hata kwa ajili ya safari tu. Alifunge kwa utepe wa pamba, fundo likae upande wa kurasa, si juu ya mgongo.