Kichwa Kinachouma Ukifanya Kazi, Kikaacha Ukipumzika

Mtu mwenye miaka hamsini na kitu akipanda ngazi au akibeba ndoo ya maji, kichwa kinamuuma. Akikaa, kinaacha. Kifua hakimsumbui hata kidogo, kwa hiyo anameza panadol, anaambiwa ni uchovu, na miezi inapita. Wengi wenye kichwa cha namna hii moyo wao ni mzima. Ila wapo wachache ambao mishipa ya moyo imeanza kuziba, na kichwa ndiyo dalili yao pekee.

Madaktari wa Marekani, Richard Lipton na wenzake, waliupa ugonjwa huu jina la “cardiac cephalgia”, yaani kichwa kinachoumwa kwa sababu ya moyo, mwaka 1997, na sasa umo katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya kichwa. Kazi ikizidi, moyo hudai damu nyingi kuliko mishipa iliyoziba inavyoweza kupitisha. Inadhaniwa kuwa mishipa ya fahamu inayobeba maumivu ya moyo hukutana njiani na ile ya kichwa na shingo, ubongo ukashindwa kujua maumivu yametoka wapi. Taya au mkono wa kushoto huuma kwa sababu kama hiyo.

Usihangaike sana na mahali panapouma. Panaweza kuwa kisogoni, utosini au upande mmoja, pengine pamoja na kichefuchefu, ndiyo maana hudhaniwa kuwa kipandauso. Angalia mpangilio: maumivu mapya, hasa baada ya miaka 50, yanayokuja na kazi na kutulia ndani ya dakika chache za kupumzika. Kipandauso kwa kawaida huanza ujanani na, kisipotibiwa, hudumu saa 4 hadi 72. Mashaka yaongezeke ukiwa na kisukari, presha, lehemu nyingi, au ukivuta sigara.

Kuchanganya magonjwa haya mawili ni hatari kwa sababu ya dawa. Sumatriptani na ergotamini, zinazotuliza kipandauso, hubana mishipa ya damu, na ya moyo imo. Moyo uliokwisha kukosa damu unaweza kuingia kwenye shambulio. Diklofenaki nayo, dawa ya maumivu inayonunuliwa kirahisi mno madukani, haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Andika kila tukio: ulikuwa unafanya nini, maumivu yalianza baada ya muda gani, ulipokaa yalichukua dakika ngapi kuisha. Kwa daktari anza na sentensi hii: “Kichwa kinaniuma nikifanya kazi, nikipumzika kinaacha.” Ukisema tu “kichwa kinauma” utarudi na panadol nyingine.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, iliyopimwa umelala, huna maumivu, inaweza kuwa safi kabisa huku mshipa umeziba. Ulizia kipimo cha moyo ukiwa kwenye mazoezi, chini ya uangalizi. Usijipime mwenyewe kwa kukimbia ngazi. Kikionyesha tatizo, hufuata picha ya mishipa ya moyo, inayofanyika kwa mfano katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mshipa ukizibuliwa kwa stenti (kibomba kidogo kinachouweka wazi) au upasuaji, kwa kawaida kichwa nacho huacha.

Usiazime nitrogliserini, dawa ya maumivu ya moyo inayowekwa chini ya ulimi. Yenyewe huumiza kichwa kwa watu wengi, na ukiwa umetumia dawa za nguvu za kiume, sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, presha inaweza kuanguka vibaya.

Nenda hospitali mara moja kichwa kikija pamoja na jasho baridi, kuhema, kuzimia au kubanwa kifua, au kikiendelea hata baada ya kupumzika. Maumivu yakilipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, huenda damu inavuja kwenye ubongo: nenda haraka vilevile, na usimeze aspirini kabla ya kupigwa picha ya CT ya kichwa, kwani huzidisha kuvuja.