Bibi yako alisoma

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Baridi imeshika kweli, ukungu haujatoka mlimani Rungwe tangu Alhamisi. Baba yako anakusalimu, kifua chake kimepoa.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, nikaona nikikujibu kwa simu nitaharibu. Umeuliza hivi: "Mama, ni kweli bibi hakusoma? Siku ya maziko walisema hakubahatika kupata elimu, na mimi nimekua nikimwona na penseli kwenye kilemba." Jambo hilo limenikaa kooni tangu siku ile.

Nilikuwa nimekaa mkekani na mama zako wakubwa wakati mjomba wako anasoma historia fupi ya marehemu. Unajua karatasi zile zinavyoandikwa: usiku wa manane, watu wamechoka, mmoja ameshika kalamu, wengine wanamtajia. Kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto, wajukuu, kuugua, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Kuna mahali pa elimu, napo hapaachwi wazi. Kwa kuwa mama hakukaa darasani alipokuwa mtoto, mwenye kalamu akaandika alichojua. Niliposikia lile neno nilitaka kusimama, sikusimama. Nani anamsahihisha kaka yake mbele ya mchungaji, jeneza likiwa pale? Na mjomba wako hakusema kwa ubaya. Alikuwa mdogo mno, hakuyaona. Mimi niliyaona.

Babu yako alirudi kutoka migodi ya Afrika Kusini na koti zito, redio na kikohozi. Vijana wengi wa Unyakyusa wa rika lake walikwenda huko, au migodi ya shaba ya Copperbelt kule Zambia, na wengi walirudi na vifua vya namna hiyo. Chai ya wakulima wadogo ilipoanza kupandwa huku kwetu miaka ya 1960, yeye alikwenda kuandikisha jina, mama akapanda miche. Simlaumu baba. Kifua hakikumruhusu kushika jembe. Ila jina kwenye kadi lilikuwa la baba, na mikono iliyochuma ilikuwa ya mama.

Chai haina likizo. Kichaka ulichochuma leo, baada ya siku saba hadi kumi na nne kinakungoja tena, na ukichelewa majani yanakomaa, hayapokelewi. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, unaweka kikapuni bila kushindilia, maana yakibanwa yanapata joto na kugeuka mekundu. Siku hiyohiyo lazima yafike kwenye banda la kupimia kabla lori la kiwanda halijaondoka. Mvua yetu unaijua. Mama alikuwa anashuka na kikapu mgongoni, mimi nyuma yake na kidogo changu, matope hadi kwenye mashavu ya miguu.

Pale bandani palikuwa na mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa, na karani mmoja. Jina lake nimelisahau, na hata ningelikumbuka nisingeliandika. Anatundika kikapu, anatazama, anaandika kwenye kadi, anasema "Mwingine." Akina mama wanachukua kadi wanaondoka. Hakuna aliyejua mshale umesimama wapi. Walichojua ni kwamba vikapu vilikuwa vizito na malipo yalikuwa mepesi. Wakilalamika wanaambiwa majani yalikuwa na maji, kilo za maji zimetolewa. Kutoa uzito wa maji na wa kikapu ni haki, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba aliyejua ametoa kilo ngapi ni mmoja tu.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huku kwetu kisomo kilishika kwenye shule ya msingi, alasiri, watoto tukishatoka. Mama alianza kwenda mwaka 1973, mwaka uleule wa kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wakikusanyika kusikiliza redio na kisha kwenda kuchimba vyoo. Redio iliyosikilizwa kitongojini kwetu ilikuwa ile ya baba. Mimi nilikuwa darasa la tatu.

Hapa nakuomba usome polepole. Wenzake kisomoni walitamani kwanza kuandika majina yao, na ni haki yao, mtu amepiga dole gumba maisha yake yote. Mama aliporudi nyumbani siku ya kwanza hakuniuliza habari ya jina. Alinipeleka nyuma ya jiko, akakata jani la mgomba, akanipa mwiba, akasema, "Nichoree uso wa mizani."

Karatasi hatukuwa nazo za kuchezea. Ukikwaruza jani la mgomba kwa mwiba, mara ya kwanza huoni kitu, unaona unyevu tu. Unasubiri kidogo, utomvu unageuka, na mchoro unatokea wa kahawia taratibu, kama mtu anauandika kutoka ndani. Nilichora duara, nikaweka tarakimu kuzunguka, na mshale. Mama akachuchumaa akilitazama lile jani hadi lilipokolea. Kisha akaanza: mshale ukiwa hapa ni ngapi? Na hapa katikati? Kila jioni jani jipya, ndizi za mbalaga zinaiva jikoni, moshi unatutoa machozi. Nane ilimshinda kuiandika. Mimi nilifundishwa kuipinda kwa mkono mmoja, yeye aliandika viduara viwili, kimoja juu ya kingine, kama kibuyu. Aliiandika hivyo hadi mwisho wa maisha yake. Ukiona nane ya kibuyu popote, ni ya bibi yako.

Haukupita mwaka. Siku hiyo tulikuwa wa sita au wa saba kwenye foleni, kunanyesha, watu wamejibana chini ya bati. Karani akatundika kikapu chetu, akaandika kumi na nne. Mama hakuchukua kadi. Akasema kwa sauti yake ile ya kumwamsha mtoto, "Baba, naomba uangalie tena." Karani akasema ametoa maji. Mama akasema, "Maji umetutangazia leo asubuhi ni kilo moja. Kikapu kilo moja. Mshale uko kwenye kumi na nane. Toa mbili, ni kumi na sita, baba."

Hapakuwa na kelele. Nilisikia mvua juu ya bati. Karani alitazama mizani muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama, akafuta, akaandika kumi na sita. Na yule mama aliyekuwa nyuma yetu, mtu mzima kabisa, akasogea akamwambia mama kwa Kinyakyusa amsomee na yeye. Na wa nyuma yake. Mama akaweka chini kile kikapu kitupu, akasimama pembeni ya mizani mpaka wa mwisho alipopima.

Tangu siku ile hakurudi mapema nyumbani siku ya kupima. Nakuambia ukweli, mwanangu, nilikasirika. Giza linaingia, wadogo zangu wanalia njaa, mimi ndiye ninayesonga ugali, na mama yetu yuko bandani anasoma kilo za watu. Nilimwambia siku moja, "Wao wana watoto wao na sisi tuna mama yetu." Hakunigombeza. Alinijibu, "Wale watoto wao wanakula nini?" Akainama kuchochea moto. Karani yule hakukaa muda mrefu, alihamishwa, akaja mwingine ambaye alisoma kwa sauti bila kuombwa.

Sasa penseli. Wote mlidhani ni mazoea ya uzee. Alipoanza kuandika kilo zake kwenye daftari alitumia kalamu ya wino, na mvua ikamlia kurasa mbili nzima: wino ulikimbia karatasini, kilo za wiki tatu zikawa doa la buluu. Alilia siku ile, na mama hakuwa mtu wa kulia. Penseli haikimbii. Kuanzia hapo alichonga penseli kwa kisu cha jikoni na kuichomeka kwenye kilemba, mahali pekee mwilini pasipolowa akijifunika jani la mgomba.

Mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo. Alikaa kwenye dawati langu mimi, magoti yamegonga ubao kwa chini, akasoma, akaandika, akajumlisha. Akafaulu. Hakubahatika? Alichuma asubuhi, akasoma alasiri, akapika usiku.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Baada ya matanga ndugu waliitisha kikao cha ukoo, na unajua desturi ilivyokuwa: mjane anarithiwa na ndugu wa mume, pamoja na shamba na watoto. Hawakuwa watu wabaya, waliona wanatutunza. Mama aliwasikiliza wote hadi mwisho, kisha akaomba ruhusa, akafungua daftari. Alisoma mwezi kwa mwezi. Chai kilo kadhaa. Sare. Dawa ya kifua ya baba. Bati mbili. Chai tena. Tulikuwa tunachungulia kwenye upenyo wa ukuta. Alipofika ukurasa wa nne mzee mmoja akasema inatosha. Mama akasema, "Bado, baba, naomba nimalize," akamaliza. Halafu akafunga. "Mume wangu nimemzika. Shamba nalijua na watoto nawajua. Nawashukuru." Hakuna aliyelirudia tena jambo lile.

Ndiyo maana nilikwenda sekondari mwaka 1978 wakati wasichana wengi wa rika langu waliishia la saba. Ada serikali haikutoza wakati ule, lakini sanduku la bati, blanketi, viatu na nauli vilitoka kwenye daftari lile. Miaka ya shida, sabuni haionekani wala sukari, sitaieleza leo. Ninyi mmeshaisikia hadi mmechoka.

Madaftari yako saba. Nimeyafungua wiki iliyopita, peke yangu, mlango nimefunga. Chai ilipomshinda magoti aliendelea kuandika: mvua, nani amekuja, nani amezaa. Kuna kitu nataka ukione mwenyewe, ila nitakuambia hapa maana najua hutavumilia. Ulipozaliwa nilimtumia habari kwa mtu wa basi, na uzito wako. Hakuwa na safu ya wajukuu kwenye daftari. Kwa hiyo uko kwenye safu ya chai, kati ya kilo 21 na kilo 19. "Mjukuu wa kike, kilo 3 na robo. Ndaga fijo Yesu," yaani asante sana Yesu. Na baada yako wako wenzako wote, kila mmoja na kilo zake, kwenye safu ileile.

Nimezungumza na mjomba wako, nikampeleka daftari la kwanza. Alikaa nalo barazani hadi giza. Amesema kaburi litakapojengewa atamwambia fundi tulivyokubaliana: jina, miaka, na neno moja chini yake, "Alisoma." Saruji tumeshanunua, tunangoja mvua ipungue.

Ukipata likizo njoo kabla fundi hajaanza. Panda basi la asubuhi kutoka Mbeya ufike mapema, kwa sababu penseli ya kurasa za mwanzo imefifia na usiku kwa taa huioni vizuri. Tutatoa kiti nje, upande wa migomba, ulishike daftari likiwa limeinama kidogo kwenye mwanga.

Ni mimi mama yako