Gari uliyoitengeneza baada ya bima kuifuta: iuze na historia yake yote

Korosho zikianza kulipwa huku kwetu Mtwara, kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa mwaka hivi, magari yanauzika kuliko miezi mingine yote. Mtu anashuka kutoka Tandahimba au Newala na hela yake ya mnada anataka gari leo leo, na ndo kipindi ambacho naulizwa sana swali moja: dada, gari yangu ilipata ajali bima wakailipa kama imekufa, nimeitengeneza inatembea vizuri tu, naiuzaje? Na wengine wanaongeza, je nimwambie mnunuzi au ninyamaze?

Mwambie. Tena mwambie kabla hajaiona. Nimeuza gari ya namna hiyo hapa Mtwara na kilichoiuza ni faili lake la makaratasi na picha, rangi ilikuja baadaye.

Kwanza tuelewane gari "kufa" kwenye bima ni nini, maana watu wanasikia totali losi wanadhani ni chuma chakavu. Sio lazima iwe hivyo. Bima wanapiga hesabu. Asesa anakuja anaangalia uharibifu, anakadiria matengenezo kwa spea na bei za gereji wanazozitambua wao, halafu analinganisha na thamani ya gari kabla ya ajali. Chukulia gari ya milioni 10, matengenezo yamekuja milioni 7 na nusu, kampuni inaona bora ikulipe thamani yake (ikitoa ile sehemu unayobeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba) na mabaki, yaani gari yenyewe iliyogongwa, wayauze. Sasa gari zetu nyingi ni za zamani, thamani iko chini lakini taa mpya na eabegi mpya (ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga) bei yake haijui kama gari ni ya zamani, kwa hiyo gari inaweza kufa kwenye karatasi wakati injini na giaboksi ni nzima kabisa. Na ipo ambayo imekufa kweli, chesesi imepinda, hiyo hata ukiitengeneza mimi sikushauri umuuzie mtu akabebe watoto.

Yangu ilikuwa Toyota Raum, iligongwa ubavuni na lori usiku karibu na ile njiapanda ya Mnazi Mmoja, Lindi. Bima wakailipa, nikachagua kubaki na mabaki, wakakata thamani ya mabaki kwenye malipo yangu. Hiyo njia inaruhusiwa kampuni ikikubali, ila sharti uombe mapema kabla hujasaini hati ya malipo, kwa sababu ukishasaini ile hati ya kukubali kulipwa kikamilifu kwa kawaida gari inakuwa yao.

Hapo kwenye kubaki na mabaki ndo naomba usome taratibu. Kabla hujanunua hata taa moja hakikisha una barua ya kampuni ya bima inayosema mabaki ni yako na hawana madai tena kwenye gari hiyo, ikitaja namba ya usajili na namba ya chesesi. Hakikisha na kadi halisi ya gari, ile ya usajili yenye jina la mwenye gari, iko mkononi mwako. Watu wengi wanakabidhi kadi wakati wa madai wanaisahau huko, wanamaliza kutengeneza gari ndo wanakumbuka kadi iko Dar kwenye faili la mtu. Na kama gari ilikuwa na mkopo, benki ndo inalipwa kwanza, kwa hiyo unahitaji pia karatasi ya benki kuiachia kadi.

Aliyenunua mabaki kwa bima au kwenye mnada kazi yake ni ngumu zaidi. Kadi inasoma jina la mwenye gari wa zamani, na huyo akishalipwa hana haraka na wewe, simu hapokei. Usilipie mabaki mpaka uone mwenye kadi amesaini nyaraka za kuhamisha na kopi ya kitambulisho chake ipo, halafu hamishia jina lako kwanza ndo utengeneze. Ule mtindo wa kuuza kwa mkataba wa wazi, jina la yule wa kwanza linabaki kwenye kadi gari inapita mikono mitatu, kwenye gari yenye historia ya ajali ni hatari mara mbili, maana polisi wakiisimamisha na ikajulikana mwenye kadi alishalipwa na bima gari imekufa, hapo nani anajieleza? Ni huyo mjomba wa watu aliyetoa hela yake ya korosho.

Matengenezo sitayaongelea sana, kila mtu ana fundi wake. Ila mambo haya yananiuma. Huku pwani chumvi ipo hewani, Mikindani na Shangani chuma kinakula kweli, kwa hiyo kila sehemu iliyochomelewa ipigwe dawa ya kutu ndani na nje kabla ya puti na rangi. Fundi akipaka puti juu ya chuma kitupu, masika moja tu utaona rangi inavimba. Nyingine ni mikanda ya siti. Mikanda ya mbele kwenye magari mengi ikishakaza wakati wa ajali inajifunga na lazima ibadilishwe, na eabegi ikifumuka ni hivyo hivyo. Kuna mafundi wanaficha, wanaunganisha taa ya eabegi na taa nyingine kwenye dashibodi ili izime pamoja nayo, au wanaing'oa kabisa. Ukiwasha swichi taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime yenyewe, kama haiwaki kabisa kuna kitu kimefanyika. Huo ni uhai wa mtu, usimwachie mnunuzi agundue siku ya ajali yake.

Halafu piga picha. Piga picha gari ikiwa imebonyea, ikiwa imefunguliwa milango, na hasa nguzo ya kati, ile iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kabla haijafunikwa. Mnunuzi anayejua ataivuta ile raba ya mlango achungulie: kiwandani wanaunganisha bati kwa vidoti vya duara vilivyopangana sawa sawa, gereji zetu zinaacha mstari wa weldi. Akiuona ule mstari na wewe ulishamwambia gari haina kipengele, hapo biashara imekufa hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Akiuona na ulishamwonyesha picha yake, anauliza tu fundi ni nani. Risiti za spea weka, za Kariakoo, za Ilala, zote, na jina la gereji.

Ukibadilisha injini au rangi, TRA (mamlaka ya mapato) wajue na kadi ibadilike kabla ya kuuza. Hii watu wanaidharau. Gari za ajali nyingi zinawekewa injini ya kununua, kadi inasoma namba nyingine, siku ya kuhamisha umiliki mkaguzi anafunua boneti namba hazifanani na mnakwama wote wawili. Injini uliyonunua iwe na karatasi zake za manunuzi, la sivyo utaulizwa imetoka wapi.

Ripoti za polisi pia ziwemo kwenye faili. Baada ya ajali mkaguzi wa trafiki anajaza PF 93, ile ripoti ya ukaguzi wa gari, na bima huwa wanaitaka kwenye madai, omba kopi yako. Gari ikishapona ipeleke tena kwa mkaguzi aiangalie breki, stelingi na taa upate karatasi mpya. Ukiweka ya zamani na mpya pamoja umemaliza maneno mengi.

Wenzetu Uingereza hili wamelirahisisha, tangu Oktoba 2017 gari iliyofutwa na bima inapewa herufi A, B, S au N, ile A na B hairudi tena barabarani, S imeumia muundo wake na N haikuumia muundo, na historia hiyo mnunuzi anaweza kuitafuta akaipata. Hata hizi za Japani, karatasi ya mnada inaandikwa R au RA gari ikiwa ilishagongwa ikatengenezwa, na zipo barabarani hapa wenyewe hawajui. Kadi yetu haina sehemu ya kuandika hivyo, ina namba ya chesesi, injini, rangi, mwaka, jina lako na vitu vya namna hiyo. Ndo maana nasema wewe mwenyewe unayeuza ndo kumbukumbu pekee ambayo mnunuzi anayo.

Dalali wangu alinishauri ninyamaze, dada we sema haijarudiwa rangi, watu wa korosho hawaangalii. Nilimkatalia na nikatafuta mwingine. Watu wanaangalia! Mnunuzi wangu alikuwa mjomba mmoja kutoka Tandahimba, alikaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani kwangu akapitia picha moja moja kwenye simu, akarudi kwenye ile ya nguzo akaikuza, akaenda kugonga mlango kwa kifundo cha kidole akisikiliza mlio, huku na huku, upande wa pili pia. Halafu akaomba tuiendeshe mpaka Mikindani na kurudi, akaachia stelingi kidogo aone kama inavuta. Hakuniuliza tena kuhusu ajali. Tulibishana bei tu, na bei nilishaishusha milioni 2 chini ya gari kama yake isiyogongwa, naona ni haki, kwa sababu na yeye akiiuza kesho atalazimika kushusha.

Na za maji je? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta zile mvua barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika Somanga, kila mtu anakumbuka. Gari iliyolala kwenye maji iseme hivyo hivyo. Tope linabaki kwenye reli za siti na chini ya zulia, soketi za umeme zinaota ukungu wa kijani, na matatizo yake yanakuja baada ya miezi. Mimi gari ya maji nisingeuza kwa mtu anayeishi mbali na fundi umeme, lakini ukiuza, andika.

Kuandika ni wapi? Kwenye mkataba wa mauziano wenyewe. Weka sentensi ya wazi: gari hii ilipata ajali tarehe fulani, kampuni ya bima ililipa kama imeharibika kabisa, imetengenezwa sehemu hizi na hizi, mnunuzi ameonyeshwa picha na ripoti na amekagua na fundi wake. Asaini hapo hapo chini ya sentensi hiyo, na wakili au hakimu ashuhudie. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuukana mkataba, kwa hiyo ukificha unaweza kurudishiwa gari baada ya mwaka na hela ulishaila. Sentensi hiyo inakulinda wewe kuliko inavyomlinda yeye. Bei nayo iandikwe ile ile mliyolipana, msipunguze kukwepa ushuru, mkigombana karatasi ndo itakayosomwa.

Upande wa TRA wala hautishi. Swali la road laisensi liache, ile ada ya mwaka ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari iliyolala gereji haikulimbikizii deni hilo. Kinacholipwa ni kuhamisha umiliki: ada ya 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Gari ya milioni 8 ushuru ni 80,000, jumla 140,000, na muulize ofisa kabla ya kulipa maana viwango vinaweza kuguswa na Sheria ya Fedha kila Julai. Mwende na kadi halisi, mkataba, vitambulisho, picha za pasipoti na TIN za wote wawili. Barua ya bima ya mabaki beba hata kama hujaombwa, kwa sababu ndo inayoeleza kwa nini bei iko chini. Ila kama umeshanunua mabaki mengine na unatengeneza unauza, hiyo sasa ni biashara, kata leseni na utoe risiti ya EFD.

Bima yako haimfuati mnunuzi yenyewe, iarifu kampuni kwamba umeuza na yeye akate yake. Akitaka bima kubwa, ile inayolipa hata gari yake mwenyewe, ajue gari itakaguliwa na kampuni nyingine zinasita kwa gari iliyowahi kulipwa, faili lako litamsaidia na hapo.

Mwisho angalia faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, zilipe, mwonyeshe kwamba hakuna deni. Na akikwambia atahamisha jina baadaye akirudi na msimu mwingine, usikubali, faini zake zitakuja kwa namba iliyo kwenye jina lako na akigonga mtu watakutafuta wewe. Mwende TRA siku ile ile ya malipo, na kama hana muda siku hiyo basi gari ibaki kwako na hela yake ibaki kwake mpaka siku atakayokuwa na muda.