Mtambo wa mafuta unaong'ata: fimbo ya ethi peke yake haitoshi

Mkuu, kabla hujaendelea kusoma, nenda kachomoe plagi ya huo mtambo. Umesema umefunga elementi ya kilowati 3 kwenye pipa la stenlesi la lita 50 ili ukeneke mafuta ya mchaichai, na kila ukigusa mfuniko ukiwa pekupeku vidole vinatetemeka. Umesema pia fundi amekujibu kwamba nyumba ina ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), fimbo ipo nje, hicho ni kiumeme kidogo tu na uvae ndala. Simkubali, na nitaandika kwa urefu, kwa sababu hicho unachokisikia vidoleni nilikisikia mimi wiki chache kabla mke wangu hajanaswa.

Sisi tuko Tanga, mchaichai tunautoa shambani Muheza. Tulianza na kuni, lakini moto wa kuni haulingani: ukizidi, majani yanaungua chini na mafuta yanatoka na harufu ya moshi, mnunuzi anayakataa. Ndipo nikafunga elementi. Fundi wa wayaringi alikuwa ameweka ethi, naam: kipande cha nondo cha kama sentimita 60, kimepigwa kwenye mchanga ukutani kabisa, chini ya paa, mahali ambapo hata masika mvua haifiki. Siku hiyo maji yaliisha ndani ya pipa bila sisi kujua. Mke wangu akafungua mfuniko, akamwagia maji ya baridi juu ya elementi iliyokuwa imeiva, ganda lake likapasuka. Akarudisha mfuniko, mkono mmoja ukiwa juu yake, wa pili ukaenda kufunga bomba la maji. Mkono haukuachia. Kijana wetu aliyekuwa akipakia majani hakumvuta, alikimbilia mein switchi, na hilo ndilo lililowaokoa wote wawili. Mke wangu alilazwa siku mbili. Kovu la kiganjani analo hadi leo.

Kilichonikosesha usingizi baadaye ni hiki: fyuzi ya 13 ndani ya plagi ilikuwa nzima, na sakiti breka ilikuwa imesimama pale pale juu. Ethi ilikuwepo, waya ulikuwa umeunganishwa, lakini hakuna kilichokatika. Nilidhani vifaa ni vibovu. Havikuwa vibovu hata kimoja.

Nilimpata fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayowapa leseni mafundi umeme, akaja na kipimo cha ethi. Ile nondo ilisoma omu 38 (omu ni kipimo cha ugumu wa umeme kupita). Akanikalisha chini akanipigia hesabu ambayo nakuomba na wewe uipige. Umeme wetu ni volti 230. Fezi, yaani waya unaoleta umeme, ikigusa pipa, umeme unapita kwenye waya wa ethi, unaingia nondoni, unapita udongoni kurudi transfoma. Gawanya 230 kwa 38, unapata ampea 6 hivi. Elementi yenyewe ikifanya kazi vizuri inavuta ampea 13. Kwa fyuzi, hitilafu ile ilikuwa mzigo mdogo kuliko kazi ya kawaida, itakatikaje? Fyuzi ya 13 inaweza kubeba hata ampea 20 kwa muda mrefu. Na wakati hizo ampea 6 zinazama mchangani, pipa lenyewe limekaa na zaidi ya volti 200 likimsubiri mtu.

Nikamwambia basi tuchimbie fimbo nzuri. Tukachimbia mbili za shaba, za mita 1.2 kila moja, zimeachana kwa zaidi ya urefu wake, na maji yanayotoka kwenye bomba la kupozea mvuke tukayaelekeza pale ili udongo usikauke kiangazi. (Habari ya kujaza chumvi na mkaa tuliiacha. Chumvi inakula fimbo, na masika mbili tatu zikipita imeshasombwa.) Kipimo kikashuka hadi omu 9. Nikafurahi. Akaniambia gawanya tena: 230 kwa 9 ni ampea 25 na ushei. Breka ya 20 inaweza kuivumilia hiyo kwa dakika nyingi kabla haijashuka, kwa sababu ili ishuke papo hapo inahitaji mara kadhaa ya namba iliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo hata kwa fimbo ambayo mafundi wengi wangeisifia, mke wangu angenaswa vilevile.

Kinachomaliza kazi ni RCD, ya miliampea 30. Yenyewe haihesabu mzigo, inalinganisha umeme unaokwenda kwenye fezi na unaorudi kwenye nyutro. Vikipishana kwa kiasi hicho kidogo, maana yake kuna umeme unaotorokea njia nyingine, kwenye pipa au kwenye mwili wa mtu, na inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Angalia namba vizuri unaponunua. Kuna nyumba zenye RCD ya 100 au ya 300 kwenye mein switchi, mwenye nyumba anaamini amelindwa. Hizo zinasaidia dhidi ya moto, kwa moyo wa binadamu ni nyingi mno. Na kitufe cha kujaribia kilicho juu yake kibonyeze kila mwezi, lakini ujue kinapima RCD yenyewe tu, hakikuambii chochote kuhusu ethi yako.

Sasa usije ukasema basi ethi haina kazi. RCD bila ethi inasubiri mtu aguse ndipo ikate, kwa hiyo wewe ndiye unakuwa kipimo. Ikiwa na ethi, elementi ikipasuka tu inakata hapo hapo, hakuna mtu karibu, unakuta mtambo umezima na unajiuliza kulikoni. Na habari njema kwa sisi wa mchanga wa pwani ni kwamba RCD ya 30 haihitaji ethi ya ajabu. Ampea 6 zile zilizoidharau fyuzi ni mara 200 ya kinachotosha kuiangusha.

Tuje kwenye mfuniko wako, maana swali lako umelitaja hapo na fundi wako hakuliona. Umesema waya wa ethi umeufunga kwenye mguu wa pipa. Mguu umepakwa rangi? Rangi haipitishi umeme. Na mfuniko umekalia mpira, au kama sisi zamani, umezibwa kwa kinyunya cha unga. Ukishaweka mpira katikati, mfuniko na pipa ni vitu viwili tofauti kwa umeme, na bomba la kupozea likiunganishwa kwa hozi ni kitu cha tatu. Mvuke na maji vinaweza kuvipa umeme vyote, ethi inakifikia kimoja. Mimi nilimpelekea fundi wa kuchomelea, akaniwekea bolti ya stenlesi kwenye mwili wa pipa, nyingine kwenye mfuniko, nyingine kwenye bomba la kupozea. Bolti ya pipa ndiyo inayopokea waya wa ethi wa plagi, na zile mbili nyingine kila moja ina waya wake wa kijani na njano unaokwenda kwenye bolti ya pipa, umebanwa kwa nati na washa yenye meno. Wa mfuniko nimeuacha mrefu ili niweze kufungua bila kuuchomoa. Usitegemee nati ya elementi ikufanyie kazi hiyo, ina washa ya mpira na ina kutu.

Kupima ni rahisi, maltimita ya bei ndogo inatosha. Plagi ikiwa imechomolewa, weka ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, ndiyo ya ethi, ya pili iguse pipa, halafu mfuniko, halafu bomba la kupozea. Kabla ya hapo gusanisha ncha mbili zenyewe uone zinasoma ngapi, maana nyaya za mita tu zinaweza kula nusu omu, kisha toa hiyo. Kinachobaki kiwe karibu na sifuri. Ikisoma omu kadhaa, au isiposoma kabisa, umeshajua kwa nini mfuniko unakung'ata.

Kuna jambo jingine nimelikuta kwenye nyumba mbili za jirani zangu na linanitisha kuliko yote. Fundi anakosa ethi, anachukua kipande cha waya nyuma ya soketi anaunganisha nyutro na tundu la ethi. Ukiweka taa ya kupimia inawaka, anakuambia ethi ipo. Siku nyutro ikikatika huko nguzoni au ikilegea kwenye mein switchi, kila chuma kilichofungwa kwenye ile "ethi" kinapata volti 230 kupitia vifaa vilivyowashwa, bila kitu chochote kuharibika ndani ya mtambo wako. Fungua soketi yako uangalie, umeme ukiwa umezimwa mein switchi. Ukikuta hicho kiunganishi, usiwashe tena chochote mpaka kitolewe.

Huenda pia elementi yako haijapasuka bali imenyonya unyevu. Ule unga mweupe ulio ndani kati ya waya na ganda unavuta unyevu elementi ikikaa stoo miezi kadhaa, hasa huku pwani. Ukifunga RCD itakuwa inaanguka kila ukiwasha, na watu wanaishia kuitoa RCD wakisema ni mbovu. Usiitoe! Itoe elementi, ikaushe kwa joto dogo kwa saa kadhaa, kisha fundi aipime kwa mega (kipimo cha umeme unaovuja) ya volti 500 kati ya pini na ganda. Ikisoma chini ya megaomu moja, irudie kuikausha. Ikigoma kupanda, itupe. Maltimita haikusaidii hapa, betri yake ndogo haioni kinachoonwa na volti 230.

Maji nayo yahesabu kama unavyohesabu fedha. Kilowati 3 zinageuza kuwa mvuke karibu lita 4.8 kwa saa maji yakishachemka. Ukipika saa tatu, unahitaji zaidi ya lita 14 juu ya usawa wa elementi, na mwisho bado ibaki imezama angalau sentimita tano. Sisi tulikuwa tunaweka lita 10 kwa mazoea ya kuni. Sasa nina bomba la kioo pembeni linaloonyesha usawa wa maji, na sheria ya nyumbani kwetu ni kwamba mfuniko haufunguliwi wala maji hayaongezwi mpaka plagi iwe mkononi mwa anayefungua. Themostati kuzima hakutoshi, kwa sababu nyingi zinakata waya mmoja tu, na soketi ikiwa imefungwa kinyume unakatwa nyutro huku fezi imebaki ndani ya maji.

Ampea 13 kwa saa tatu mfululizo ni mateso kwa soketi ya kawaida. Ishike baada ya nusu saa, ikiwa ya moto imelegea ndani. Ekstensheni usiisogeze kabisa karibu na kazi hii. Mimi nimevuta laini yake peke yake kutoka mein switchi, waya wa milimita 4, breka ya 20, RCD, na switchi ya kukata waya zote mbili kama ile ya hita ya maji bafuni. Sanduku lake liko juu ukutani, mita mbili kutoka mdomo wa bomba la kupozea. Umbali huo una sababu: maji ya kupozea yakikatika mvuke unatoka na mafuta yake, na mvuke wa mafuta, hasa ukiwa unakeneka mikaratusi, unashika moto kwa cheche ndogo ya switchi. Na kama kuna anayetaka kupikia pombe kwa mtambo wa hivi, hapo simsaidii. Gongo ni kosa kisheria, na mvuke wake unalipuka kwa urahisi zaidi ya huo.

Kwa hiyo mkuu, mtambo ukae bila umeme wiki hii. Piga zile omu za pini ya plagi hadi pipa, hadi mfuniko, hadi bomba la kupozea. Fungua soketi uone kama kuna waya umeunganisha nyutro na ethi. Soma namba iliyo kwenye RCD, kama ipo. Uniletee majibu hapa pamoja na picha ya mahali waya wa ethi ulipofungwa kwenye pipa, na ukubwa wa ile fimbo ya nje kama unaweza kuuliza. Nitakaa nawe hadi liwe sawa, hata ikibidi nimwombe fundi wangu azungumze na wako kwa simu.