Uliza Lugha: Kuchanganya si kukoroga

Swali: Wahariri, kazi yangu ni kuandika maelekezo yanayobandikwa kwenye makopo na mifuko ya bidhaa. Mkaguzi wa lugha mara hufuta "changanya" akaweka "koroga", mara hufanya kinyume. Je, si neno moja? Tena amekataa sentensi yangu "mteja akichanganyika apige simu". Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, mkaguzi wako yuko sahihi. Changanya hutaja matokeo: vitu viwili au zaidi vilivyokuwa mbalimbali sasa viko pamoja. Koroga hutaja kazi ya mkono: kuzungusha kijiko, mwiko au kijiti ndani ya kitu cha majimaji au rojorojo. Ukimwambia mtu "koroga chai", atashika kijiko. Ukimwambia "changanya chai", atakuuliza, "Na nini?" Koroga hutosheka na kitu kimoja, changanya haitosheki. Kwa hiyo rangi iliyotuama ndani ya kopo hukorogwa. Itachanganywa siku utakapoitia rangi nyingine. Karata nazo huchanganywa, wala hakuna anayezikoroga.

Umbo la neno lenyewe linathibitisha hilo. Changa ni kutoa kila mtu chake. Changana ni kufanya hivyo kwa pamoja. Changanya ni kuvifanya vitu vikutane. Ni njia ileile ya gawa, gawana, gawanya, ingawa maana zimeelekea pande tofauti. Kwa kuwa usababishi umo tayari katika -ny-, tunakushauri uache "changanyisha" unapotaka kusema changanya tu. Ibakize pale mtu anapomfanya mwingine achanganye.

Kwenye maelekezo, hatari kubwa zaidi iko katika viunganishi. Kinachoongezwa hufuata "na". Chombo na kipimo hufuata "kwa". Andika: "Changanya saruji na mchanga kwa koleo, kwa uwiano wa 1:4." Ukiandika "changanya saruji kwa mchanga", umeugeuza mchanga kuwa chombo. Halafu kuna mpangilio. "Changanya saruji, mchanga na maji" humruhusu msomaji kumimina vyote kwa mkupuo, na saruji itafanya madonge yenye unga mkavu ndani. Zitenge hatua: "Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga." Hapo kila kitenzi kimekaa mahali pake. Mafundi husema "kukoroga zege", nao hawakosei, maana wanataja kazi yenyewe.

Kama kitu ni kigumu na kinasukumwa kwa viganja, andika kanda. Kama chumvi inapotelea ndani ya maji, yeyusha inaeleza zaidi. Vuruga ina harufu ya uharibifu, basi usiitumie kwenye maelekezo isipokuwa kwa mayai ya kuvuruga. Chakachua ni kuchanganya kwa hila ili kupunguza ubora. Ikionekana kwenye kifungashio, mnunuzi atakimbia.

Sasa sentensi iliyokataliwa. Changanyika husema hali ya vitu: "Mafuta na maji hayachanganyiki." Mtu aliyepotewa na mawazo amechanganyikiwa, na viambishi vyote vitatu vinahitajika: -ik-, -i- na -w-. Ukimwandikia mteja "akichanganyika", umemweka kwenye ndoo pamoja na rangi. Aliyetaja jina la huyu badala ya la yule, yeye amechanganya majina, hajachanganyikiwa. Kwa kifungashio chako tungeandika: "Maelezo haya yakikuchanganya, piga simu."

Swali: Mtoto aliulizwa kinyume cha changanya, akaandika "tenganisha", akakoseshwa. Je, ni haki?

Jibu: Kimaana alipata. Bila shaka mwalimu alitaka umbo la kutendua, yaani changanua, kama kunja na kunjua au tega na tegua. Swali lingetaja "kutendua" waziwazi, mtoto asingeonewa. Hata hivyo changanua ya leo imehamia kwenye mambo ya fikra: tunachanganua sentensi, takwimu au hoja, tukionyesha sehemu zake na uhusiano wake. Mchele wenye mawe hatuuchanganui. Tunauchagua.